Namba ya Bi Tima

Nilipoinunua boti pale Liwatoni
nilikagua injini, nikanusa mafuta,
nikagonga mbavu zake moja moja kwa nyundo ya mpira,
nikabishania elfu kumi hadi adhana ya adhuhuri.
Bikoni sikuigusa.
Ilikuwa ukutani kando ya usukani,
ya manjano, kimya,
kama mgeni asiyeomba hata maji.
Nikasema: hii nayo imo katika bei.

Miezi saba baadaye, Jumanne,
Mwaruwa anaosha boti, bomba mkononi.
Bikoni kaibandua apate kusugua nyuma yake,
kaitia ndooni.
Ndoo ina maji.
Kifaa hiki hakijui ndoo wala bahari:
maji yakigusa zile pini mbili, kwake chombo kimezama.
Kikawaka, kikazima, kikawaka,
na sisi tunagombana kuhusu sabuni.
Alipokiona, kijana alikifuta kwa fulana
akakisukumia chini ya kiti,
kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Kule juu, setilaiti ilikuwa imekwisha sikia.
Haikusikia ndoo. Haikusikia Liwatoni, kina cha shubiri moja.
Ilisikia herufi na tarakimu kumi na tano,
ikazishusha kituoni,
afisa wa zamu akatafuta mwenyewe
akamkuta: Lali Shebwana.
Na chini yake, mtu wa nchi kavu: mke,
na namba.

Bi Tima alikuwa anachambua mchele, Kisauni.

Yaliyofuata alinieleza siku nilipokwenda kumtaka radhi,
na kilo mbili za sukari mkononi:
"Akaniuliza, mama, mumeo yuko baharini?
Bikoni yake yaomba msaada.
Nilinyamaza, mwanangu. Nilinyamaza
hata akadhani laini imekatika.
Mwaka wa tatu huu kila mtu aniambia Lali amepumzika,
leo serikali yanipigia kuniuliza yuko wapi.
Nikatazama mlango.
Kisha nikamwambia: yuko Kikowani.
Maskini, ni mtu wa bara yule.
Akaniuliza, Kikowani ni upande gani wa bahari?"

Akacheka. Nami nikacheka nusu,
maana sikujua kama nimeruhusiwa.

Nilimweleza kosa langu:
boti ilibadili mwenyewe, jina halikubadilika.
Kule kituoni nimekwisha kuonywa,
kwamba ikiwaka kwa bahati mbaya, zima, kausha, piga simu papo hapo,
usiifiche, maana watu wanavaa maboya wakutafute.
Kesho nakwenda kujaza fomu,
nitaandika boti yangu, rangi yake, namba yake,
na jina la marehemu litatoka.

"Iliwaka muda gani?" akauliza.
Nikasema, dakika ishirini hivi.
Akaichukua ile dakika ishirini
akakaa nayo,
akiusukuma mchele huku na huku kwenye ungo
bila kutoa hata chenga moja.
"Na wewe utamwandika nani?"

Nikamtaja kaka yangu wa Changamwe.
"Hupokea simu?"
Nikafikiri.
Hupokea mwisho wa mwezi, nikasema, akiwa na shida.
"Basi niandike mimi.
Namba yangu wanayo tayari."

Fomu ni karatasi mbili.
Nilizisoma zile herufi kumi na tano kutoka kwenye kibandiko,
karani akinirudishia moja moja,
B ya Bamburi, D ya dafu,
kisha mwaka wa kubadili betri,
kisha idadi ya watu boti inayobeba: sita.
Jina la mtu wa nchi kavu: Fatuma Lali Shebwana.
Uhusiano: nikaruka.

Karani akaisukuma karatasi.
Bwana, hapa hapaachwi wazi.
Si mama yangu. Si shangazi. Si jirani.
Feri ilipiga honi mara mbili kule Likoni,
watu nyuma yangu wakaanza kuguna,
nikaandika:
hupokea.