Mizani ya Kibaigwa

Ndahani alibeba gunia la kilo mia
kama mto wa kulalia.
Dereva wa semitela akampa punje ya kioo, bure:
"Vuta. Usiku utakuwa mfupi."

Alipakia malori matatu, anaimba.
Usiku wa pili aliinunua
kwa ujira wa ule wa kwanza.
Wa nane, bado macho,
alikuwa amemwaga mahindi ya watu,
anayachambua moja moja
akitafuta linalong'aa.

Mimi karani, naandika uzito tu.
Jana alipanda mizani mwenyewe, akicheka,
meno ya mbele hayapo.
Arobaini na moja.
Nikamwambia mizani imeharibika.

Alfajiri semitela ilipita, ikapiga honi mara mbili.
Vijana watatu wakainuka
juu ya magunia.