Upindo wa Tarehe Tisa

Daftari la mama ni la vipimo: bega, kifua, kiuno,
majina ya wateja kwa penseli ya kulamba,
madeni yamepigiwa mstari mara mbili.
Ila ukurasa wa mwisho, aliouficha chini ya karatasi ya kaki,
hauna kiuno cha mtu.
Una tarehe moja tu, tisa Oktoba,
na miaka chini yake kama vifungo visivyolingana.

1962. *Duka la Jethalal limekwisha kitambaa cha njano.
Nimechovya marekani kwenye bizari.
Ndege wa katikati nimemchora kwa chaki, anafanana na kuku.*
Usiku wa manane, kule Kololo,
bendera moja ilishuka, nyingine ikapanda.
Hapa Jinja ya mama ilipanda mlingoti wa shule
ikanukia mchuzi mpaka mvua ya saa nane.

1963. *Siku ile ile. Gavana Mkuu hayupo tena, tuna Rais.*
Halafu, kwa herufi ndogo:
*Tibenda amekuja na maneno ya ndoa.
Nimemwambia angoje nimalize suruali.*
Sikujua hadi leo kwamba baba
alingojeshwa na suruali ya mwanamume mwingine.

1972. *Redio inapiga beni kutwa.
Jethalal amebakiwa na siku thelathini.
Ameniita mlango wa nyuma. Cherehani hakuniuzia.
Kasema: nitunzie.*

1979. *Askari Mtanzania kaleta gwanda lililochanika kwapani.
"Samahani, mama, naomba unishonee."
Nimesimama na sindano mdomoni.
Kiswahili nilichokijua mimi ni cha lala chini,
cha toa saa, cha nyamaza.
Kumbe lugha hii ina samahani!*

Kisha miaka haina wino.
Themanini na moja, na mbili, na tatu:
tundu za pini tu kwenye karatasi,
moja kwa kila Oktoba.
Nimezipitisha kidole kama asiyeona.
Kaka yangu Isabirye alitoka kununua chumvi mwaka upi?
Karatasi haisemi. Tundu la nne ni kubwa kidogo.

2012. *Miaka hamsini. Mizinga imelia Kololo,
nimeisikia redioni.
Tundu la sindano silioni tena.
Anayenitungia uzi ni Kagoya.*

Kagoya ni mimi.
Alinifundisha hivi: kunja kitambaa mara tano, mara sita,
sindano ipite mara moja tu.
Ukikikunjua utaona matundu yamekaa mbalimbali,
kila moja upande wake,
kana kwamba hayajuani.

Leo tarehe nane, jioni.
Mwondha ameleta bintiye apimwe gauni la gwaride,
litakiwe kesho alfajiri, kama kawaida ya watu wa Jinja.
Mtoto hatulii. Anauliza kwa nini kesho hakuna shule.
Baba yake anasema: uhuru.
Mtoto anasema: wa nani?
Mwondha anacheka, anatazama saa.

Mimi nashika futi.
Nampa inchi mbili za ziada kwenye upindo,
maana anarefuka huyu.

Wamekwenda. Nimefungua ukurasa wa kaki,
nimeandika mwaka, na mbele yake sijaandika kitu.
Cherehani ya Jethalal inalia kwenye gurudumu.
Kila tarehe hii hudai mafuta.