Ndani Hakuna Mtu

Laki tisa na nusu. Nimezihesabu mara tatu
juu ya kitanda, mlango umefungwa kwa komeo:
noti za harusi, za matanga, za mahafali ya wauguzi,
nyingine bado zinanukia iliki
kwa kuwa mhazini wa bendi ni mimi
na kazi yangu ya alfajiri ni mandazi.

Dukani kwa Okuonzi, nyuma ya soko la Arua,
seti mpya ya drams imesimama dirishani kama bibi harusi:
nyekundu, ngoma tano, vyuma vinanichoma macho.
"Milioni moja na laki mbili," anasema Okuonzi,
"ila kwa nyinyi, laki tisa na nusu."
Sijui nani alimnong'onezea yaliyomo mkobani mwangu.
Kizuri chajiuza, walisema waliotutangulia.
Mbona basi huyu anatokwa jasho?

Nakiri, nilishaipenda.
Nilishaiona jukwaani, na watu wakisema:
hawa sasa ndio bendi.

Lakini Aseru,
aliyejifunzia kwenye mitungi ya maji,
wa manjano, robo umejaa, kwa sauti nzito,
mtupu kwa sauti nyepesi,
na kifuniko cha sufuria kuwa toazi
mpaka mamake akakificha chini ya godoro,
Aseru akainama, akagonga ubavu wa ngoma nyekundu
kama anayebisha hodi kwa mdaiwa.
Akasikiliza.
"Ndani hakuna mtu."

Akaigusa stendi: ikatetemeka miguu
kama mwanambuzi wa jana.
Akalipiga toazi kwa ukucha.
"Hili," akasema, "mama analo jikoni."

Kisha akalifunua gunia pale pembeni.
Ngoma tatu za kahawia, zina makovu ya sigara,
skrubu mbili zimeliwa na kutu.
"Hizo? Za hoteli iliyofungwa Koboko.
Laki sita. Zina mkosi," akasema Okuonzi,
na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapoa.

Aseru akaibingirisha ile kubwa sakafuni.
Ikaenda moja kwa moja, bila kuyumba, hadi ukutani.
Akapitisha kiganja ukingoni, polepole,
akahesabu tabaka za mbao kwenye tundu la hewa:
sita.
Akaisimamisha, akaweka mguu.

Pigo moja tu.
Magitaa yaliyotundikwa yakaitikia,
vumbi likashuka kutoka rafu ya juu,
na mimi, mwenye hesabu zote,
nikasahau nilikuwa nimefikia ngapi.

Tulibishana hadi laki tano na nusu.
Zilizobaki zikaenda kwa ngozi mpya,
pedali ya mnyororo,
toazi moja, moja tu, lakini lenye sauti ya kweli,
na kiti.
"Kiti cha nini?" nikafoka. "Stuli ninayo nyumbani!"
"Stuli ni yako," akasema. "Mgongo ni wangu."
Baada ya kumlipa kijana wa toroli
zikabaki elfu tano. Nilizishika kwa mikono miwili.

Usiku, tukibadilisha ngozi, taa ya simu mdomoni,
tukakuta maandishi ya penseli ndani ya ngoma ndogo:
*Yakub, 1998. Usinikaze sana.*
Aseru akacheka, akalegeza skrubu nusu mzunguko.
Ngoma ikashusha pumzi.

Bado naiota ile nyekundu, sitadanganya.
Nikipita dukani navuka barabara
nisije nikaitazama.

Jumamosi bwana harusi alinivuta kando:
"Kwa pesa yangu yote hii,
mbona mmeniletea ngoma kuukuu?"
Nilitaka kumweleza habari za tabaka sita,
za ukingo, za hoteli ya Koboko,
lakini asingenisikia.
Shangazi zake walishavua viatu.