Deni Lenye Pedali

Mimi ni fundi wa pancha, kona ya Maweni,
penye nguzo ya stima iliyoegemea ukuta kama mlevi.
Miaka kumi na tisa nanyoosha rimu kwa jicho moja:
la pili nalifumba, nazungusha gurudumu, nasikiliza.
Spoki iliyolegea haijifichi,
hulia peke yake.

Ya kwanza ilipita na mgeni wa Casuarina,
kimya, hata kuku wakachelewa kuruka.
Tukacheka. Baiskeli gani hii isiyosikika mnyororo?
Ya pili ilikuwa ya hoteli. Ya tatu sikumbuki.
Baada ya Pasaka niliacha kuhesabu.

Sasa anapita mwalimu wa chekechea na gauni lake halijaloa jasho,
anapita muuza barafu wa Shela,
binti wa maabara na damu za watu ndani ya boksi mgongoni,
na Ngumbao, mgema wa Kakuyuni.

Ngumbao namjua tangu enzi za baiskeli ya chuma,
madumu manne, povu likimtiririkia kisiginoni.
Akifika mangweni ni saa tano,
tembo limechacha, wanywaji wanakunja uso
na bei nayo inakunjwa.
Siku hizi saa mbili ameshatua.
Tembo bado tamu, bado lina usingizi wa mnazini.
Walivyomsifu! Nikamwonya:
unajua mgema akisifiwa hufanya nini.
Akanijibu huku anachomeka waya,
"Maji ni mazito, Fundi.
Betri haibebi mzigo wa bure."

Maana nami nimeweka soketi, sita, ukutani.
Shilingi hamsini mpaka ijae.
Daftari anashika mke wangu, Umazi,
kwa kuwa mimi nasamehe watu.

Basi ikaja mvua ya Mei.
Siku tisa minazi telezi, hakuna wa kuipanda,
na mkopo haujui mvua:
mia mbili na themanini, kila siku, kwa simu.
Siku ya kumi kukaanuka. Akagema, akafunga madumu,
akafika karibu na Ganda
ikazima.

Si chaji. Chaji ilikuwepo, taa nne kwa tano.
Kuna mtu Nairobi kabonyeza kitu,
au pengine hakuna mtu, kimejibonyeza.
Kilo ishirini na tatu za baiskeli,
juu yake lita themanini za tembo,
juu yake jua.
Aliipiga pedali hadi kwangu, shati limemganda.
"Fundi, ifungue."

Nikatafuta pa kutia spana.
Nikakuta kibandiko.
Nikaigeuza miguu juu, nikazungusha gurudumu,
nikafumba jicho, nikasikiliza kama nilivyofunzwa.
Spoki sawa. Mnyororo sawa. Beringi inateleza kama samli.
Deni halina sauti.

Umazi hakuniuliza. Alifungua kopo la soketi,
akahesabu, akaenda kwa wakala wa ng'ambo ya barabara.
Baiskeli ikalia *ti*, mara moja,
kama mtoto aliyefinywa akaambiwa anyamaze.
Kisha akalamba kidole, akafunua ukurasa,
akaandika: Ngumbao.

Mtaani kampuni ni tatu sasa.
Duka la madera limehama, mahali pake zimepangwa betri
kama mikate, na vijana wenye fulana za kijani wanagawa karatasi:
chukua leo, lipa kidogo kidogo.
Nami nilipewa. Nilitaka kuifutia grisi.
Umazi kaninyang'anya, anasoma maandishi madogo
yaliyo chini kabisa, kwa kidole,
neno kwa neno, midomo ikicheza.

Jana Ngumbao alipita mapema, hakushuka,
akanirushia chupa ya soda iliyozibwa kwa kigunzi.
Riba, alisema.
Nimeonja.
Halina maji.