Kifuniko cha Mzinga

Goweko, mwaka huu tumbaku imenyauka.
Baba mdogo Kapaya ameuza baiskeli
akanunua koleo mbili na kichupa cha zebaki
kwa mtu wa Nzega aliyeapa kwa macho yake yote mawili
kwamba zebaki huikimbilia dhahabu kama mbwa na bwana wake.
Zebaki imekaa tu chupani, inatutazama.

Shamba la mihogo limekuwa uso wa ndui:
shimo penye kichuguu, shimo nyuma ya choo,
shimo lililommeza mbuzi wa jirani, tukalipa.
Yote kwa ajili ya ubao huu,
kifuniko cha mzinga wa babu yake,
kilichochomwa kwa msumari wa moto
alama mia tatu na saba.

"Ramani," husema.
"Duara ni chungu. Mshale ni kaskazini.
Mjerumani alipomkimbia Mbelgiji
aliacha masanduku ya sarafu za tembo,
na babu ndiye aliyeyabeba."

Kubeba alibeba. Hilo halina ubishi:
bega lake la kushoto, wanasema,
lilizikwa likiwa bado limeinama.

Mimi nafundisha hesabu darasa la sita.
Usiku mmoja nikamwaga mahindi mkekani,
kila alama nikaipa fungu lake.
Mguu wa kuku: punje sitini na nane.
Mwezi mchanga: thelathini na nane.
Duara, kile chungu cha baba mdogo,
kumi na moja tu, maskini.
Nikajiuliza ni kitu gani duniani
hurudi mara zote hizo bila kuchosha,
nikajikuta kinywa wazi
kama mtoto mbele ya mganga wa meno:
a.

Maana lugha yetu haifungi mlango.
Neno likitoka huacha irabu kizingitini.
Njaa, dawa, sala, mara.
Na babu alisomeshwa herufi na mapadre wa Ndala
kabla hajasombwa kwenda vitani;
alama aliziazima kwenye mizinga ya watu,
lugha ilikuwa yake.

Kisha nikawaona mwezi mchanga na mguu wa kuku,
wawili peke yao, wakirudi, wakirudi
kama mafundo kwenye kamba:
na. Na. Na.
Nani huandika "na" mara kumi na tisa
akielekeza watu kwenye dhahabu?

Kulipopambazuka nilimsomea,
koleo bado i mkononi mwake:

*tulichimba sisi
bwana mkubwa alihesabu masanduku mara mbili
sisi hakutuhesabu
risasi zilihesabu
nilikuwa nimekwenda kuteka maji
nahesabu mimi
mhoja na ntabo na kasoga na lugusha
na mtoto wa lugusha na yule wa sikonge
aliyekuwa akiota kwa sauti na*

Nilisoma mpaka wa ishirini.
Jogoo aliwika katikati, nikarudia jina
nisije nikalipunja.

"Na dhahabu?" akauliza.
Haikuandikwa.
"Na mahali?"
Hapakuandikwa. Labda chini ya reli.
Labda hapa tulipoanika mihogo.

Ilibaki alama moja, mwisho kabisa,
mistari mitatu na kitone,
haipo kwingine kote ubaoni.
Kilichotokea mara moja hakina hesabu.
Nikakiri nimeshindwa.

Akaitazama muda mrefu,
akaipapasa kwa kidole gumba, kinyume na uzi wa mti.
"Hiyo si herufi," akasema.
"Hiyo ni yetu. Hukuiona kwenye mizinga?"

Akashuka lile shimo la nyuma ya choo
kuchukua sururu aliyoiacha jana.
Alichelewa kupanda.