Kabla ya Sahihi

Mwachiru ametandaza karatasi kwenye meza yangu ya kukatia,
mikasi akaisogeza kando, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.
Mafao ya Hemedi, miaka thelathini na moja kwenye winchi za Kilindini,
yamelala benki tangu arubaini yake.

"Huu wa soko la fedha: faida ndogo, usingizi mtamu.
Huu wa hatifungani: unaikopesha serikali, unangoja.
Huu wa hisa..." Akameza mate.
Hisa nazijua. Ni kitambaa kipya cha Idi:
Ramadhani wanakigombania,
mwezi ukiandama kiko rafuni, nusu bei.

"Na huu mseto."
Mseto niliupika nikimuuguza Hemedi.
Mchele na choroko, kila kimoja na saa yake ya kuiva.
"Anayekoroga nani?"
"Meneja. Nairobi."
"Kwa ujira gani?"
Akafunua ukurasa wa mwisho, herufi kama mayai ya chawa:
asilimia mbili kila mwaka,
faida ipatikane, isipatikane.

Mchezo wetu wa Kibokoni nyuso zote nazijua.
Bi Mwanaidi hulipa akikumbushwa, na mlango wake naujua.
Hawa wenzangu wa mfukoni ni akina nani?
Alicheka. Sikucheka.

"Na riba?"
"Upo wa kisharia, mama."
"Ungeanza na huo."

Kalamu nimemrudishia. Karatasi nimezibakisha
chini ya pasi ya makaa.
Hata mteja wa buibui hulivaa kwanza,
akageuka mbele ya kioo, akainua mikono,
ndipo akafungua mkoba.