Rejista Tatu

Mama Kasoki ananiuliza: wingu lipi?
Hapa Goma swali hilo si mzaha.
Wingu tunalo moja, linakaa juu ya mlima,
usiku huwa jekundu kama kifua cha mbabula,
na mtu akikwambia mali yako iko winguni
unaanza kutafuta viatu.

Namwambia si lile. Ni kompyuta za watu,
mbali, kwenye nchi za baridi,
chumba chenye walinzi, tunalipa kwa mwezi.
"Kumbe nyumba ya kupanga," anasema,
anarudi kwenye chai yake.

Seva zetu mbili zimekaa nyuma ya maabara,
juu ya meza ya mbao, juu ya saruji,
juu ya jiwe jeusi lililopita hapa likiwa uji.
Ndani yake zinaishi mashine tano zisizo na mwili:
ya mishahara, ya dawa, ya vipimo, ya picha za mifupa,
na ya wodi ya wazazi, yenye jina la kila mtoto
aliyelia mara ya kwanza katika jengo hili
tangu tulipoacha karatasi.
Kazi yangu ni kuzitolea nakala
kabla ya moto, kabla ya mwizi, kabla ya panya.
Panya ametangulia mara mbili.

Lakini njia ni nyembamba.
Waya unaotuunga na dunia
unapitisha kopo moja kwa usiku
na mimi nina pipa.
Saa nne umeme unakatika, jenereta inakohoa,
betri zinahesabu dakika kwa mlio,
asubuhi nasoma kwenye kioo: asilimia sita.

Mhasibu Cikuru anataka mishahara itangulie.
Ameandika barua. Ameipiga muhuri.

Mama Kasoki hana barua.
Ana ile Januari ya elfu mbili na mbili,
yeye karani kijana, kabati lina rejista arobaini na moja,
moto umeshaingia mjini, unashuka barabarani kama mwenye haki,
na kichwa cha kubebea ni kimoja.
Alichukua tatu.
Si mpya, si za zamani.
Zilizokuwa karibu na mlango.
Nyingine ziko chini yetu, hapa, tunazikanyaga tukienda chooni.
Mpaka leo akiwa Birere, ananunua sombe,
anamtazama muuzaji, anapiga hesabu ya umri wake:
huyu nilimbeba.
Huyu nilimwacha.

Usiku ule nilipanga foleni upya.
Wazazi kwanza.
Ilichukua usiku kumi na mmoja, na godoro chini ya meza.
Baada ya hapo ni mabadiliko ya siku tu:
watoto tisa, mapacha wakiwemo, na kopo halijai.

Ila nakala ambayo hujawahi kuirudisha
ni ahadi ya mlevi.
Jumapili, wengine wako misani,
niliiamsha ile mashine kulekule ugenini,
kwenye chuma nisichokijua, mji nisiojua hata unavyonuka.
Ikawaza. Ikawaza tena.
Ikafunguka:
*Nzigire, msichana, kilo tatu na gramu mia moja,
saa tisa usiku.*
Na pale pa maoni, ambapo huwa hatuandiki kitu,
mkunga aliandika: *mvua.*

Nikakaa.
Hata mvua ilifika.

Ufunguo wa kuisoma yote hiyo ni herufi sitini na nne.
Nimeziandika kwa kalamu, karatasi mbili.
Moja iko kwangu Himbi, ndani ya Biblia.
Nyingine nimempa Mama Kasoki.
Ameikunja mara nne, ameifunga kwenye pindo la kitenge
kama nauli.
"Sasa wingu lako," anasema, "linanitegemea mimi?"

Nimeshindwa kumjibu.
Mishahara imefika asilimia arobaini.
Cikuru hanisalimii.